Kinyume cha Jua

Kwanza yalisikika masufuria. Mwiko juu ya chuma, chuma juu ya bati, kelele zikitoka nyuma ya misonobari, na watu waliokuwa wakinywa chai kando ya ziwa la Loch Arnaig wakageuza shingo kabla ya kuona chochote. Ndipo wanawake wakajitokeza njiani, na katikati yao Marsali, mtengeneza nywele kutoka mjini Inverness, mikono imefungwa kamba, gauni kuukuu limelowa shira nyeusi, masizi usoni, manyoya ya kuku kichwani. Alikuwa bibi harusi wa Jumamosi ijayo, na rafiki zake walikuwa wamempaka kama kila bibi harusi wa kwao anavyopakwa.

Watalii walipiga picha. Marsali hakucheka. Alikuwa amelizunguka ziwa zima na hakumwona Innes.

Mpango ulikuwa rahisi. Njia ya Loch Arnaig ni tambarare, inalizunguka ziwa na kurudi ilikoanzia, hata mtu mwenye mkongojo huimaliza. Marsali aanzie hapa kwenye duka la chai. Innes, naye amepakwa na rafiki zake, aanzie ng'ambo kwenye magofu ya kanisa. Wakutane njiani, wasukumwe majini pamoja, waoshwe, basi. Lakini alipofika kwenye magofu alikuta makopo matupu ya shira tu. Wakati mmoja alisikia masufuria ng'ambo ya maji, lakini Una, rafiki yake, alimwambia ni mwangwi wao wenyewe.

"Bwana harusi?" alisema mama muuza chai, akifuta meza. "Alikuwa hapa na wenzake. Akasimama pale kwenye magari, akatazama huku na huku, akaondoka."

"Akaondoka?"

"Bila hata kuagiza chai."

Marsali alihisi shira ikimkauka shingoni. Aliona mambo yote mara moja: Innes kasimama kwenye magari, kafikiri, kaona bora akimbie. Innes yule yule aliyekutana naye stesheni majira ya baridi, treni imefutwa, akala nusu ya chipsi za Marsali akidhani ni zake mwenyewe, kisha akasema, "Sasa itabidi nikuoe, maana sina pesa ya kulipa."

"Nifungue kamba," alimwambia Una. "Nipe simu yangu."

Alipiga. Ikapokelewa na Murdo, rafiki wa Innes, na nyuma yake watu walikuwa wakicheka.

"Innes yuko wapi?"

"Oho, bibi harusi. Umechelewa. Amekata kamba kaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mimi najua? Alikuwa anatoa moshi masikioni. Ila kabla hajaondoka alinipokonya simu, akawapigia wale watu wa Norway. Kazi ameichukua."

Marsali akakata simu. Kazi ya Norway. Miezi sita kwenye mitambo ya mafuta baharini, kazi ile Innes aliyoikataa kwa sababu yake, kwa kuwa Marsali alilelewa na baba aliyeonekana Krismasi tu, tena si kila Krismasi.

Hakulia. Akampigia mchungaji.

"Hakuna ndoa Jumamosi, Mchungaji. Futa."

Mchungaji alikuwa akivua samaki mahali fulani, maji yalisikika. "Umeshapakwa, Marsali?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi nitaifuta kesho asubuhi, ukinipigia tena. Kila mwaka mabibi harusi hunipigia simu wakiwa na shira masikioni."

Akasimama pale, simu imemnata mkononi, hasira ikitafuta pa kutokea. Kisha akaiona njia. Akaanza kutembea, si kushoto walikokwenda asubuhi, bali kulia.

Wanawake wakashusha masufuria. Mama muuza chai akaacha kitambaa mezani. Katika nchi ile mtu hazunguki ziwa, kanisa wala kaburi kwa upande ule. Unafuata jua. Anayekwenda kinyume cha jua anakwenda kulaani.

"Shoga yangu, usifanye hivyo," Una alimkimbilia. "Hata bibi yako angekataa."

"Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. Kaa hapa. Laana haitaki msindikizaji."

Akaingia peke yake kwenye misonobari, akitembea kwa kishindo, na kila hatua akamtupia Innes neno:

"Suruali ipasuke,
ndevu zako zinyauke,
chai yako imwagike,
na usubi ukushike!"

Alipolirudia lile la usubi, kwa raha kabisa, mtu akatokea kwenye kona akija mbio. Alikuwa mweusi kwa masizi, nyusi zimejaa manyoya, kipande cha kamba kikining'inia kiunoni, na wingu la usubi limemzunguka kichwa.

Walisimama.

"Wewe," alisema Innes.

"Wewe," alisema Marsali. "Nilidhani uko melini."

"Na mimi nilidhani uko Inverness unacheka. Nimelizunguka ziwa zima nikikutafuta, Marsali. Nimefika duka la chai, hampo. Nimerudi kwenye magofu, nakuta nyayo zako za shira na manyoya. Ulifika, ukaona mimi sipo, ukaondoka zako."

"Nani aliondoka? Si wewe uliyesimama kwenye magari ukatafuta pa kukimbilia?"

"Nilikuwa natafuta gari lako!"

Marsali alitazama maji, akatazama njia nyuma ya Innes, kisha nyuma yake mwenyewe.

"Mlipoanza kwenye magofu," aliuliza polepole, "mlikwenda upande gani?"

"Upande gani tena? Wa jua. Mimi nina wazimu?"

"Na sisi wa jua."

Innes alifumba macho. Vikundi viwili, kila kimoja kikiogopa mkosi, vilikuwa vimefukuzana siku nzima kulizunguka ziwa, hakuna aliyemfikia mwenzake.

"Sasa hapa tumekutanaje?" aliuliza.

"Nilikuwa nakulaani."

Innes ndiye aliyecheka kwanza. Akanyoosha mkono kumtoa unyoya shavuni. Marsali akaupiga.

"Usiniguse. Umewapigia watu wa Norway."

Kicheko kikafa. "Nilikuwa na hasira. Nilitaka uumie."

"Nimeumia. Umefurahi?"

"Hapana."

"Basi wapigie tena, ukatae."

Innes aliangalia viatu vyake. "Nimetoa neno, mpenzi. Jumatatu baada ya harusi wananingoja. Wameshamwacha mtu mwingine kwa ajili yangu. Siwezi."

Marsali alijua hawezi. Ndiyo sababu alimpenda; na kwa dakika ile, ndiyo sababu alitamani kumsukuma majini amwache huko. Usubi uliwauma wote wawili. Mbali, Una alikuwa akimwita.

"Umeshamwambia mchungaji afute?" Innes aliuliza.

"Nimemwambia."

"Kwa hiyo imekwisha."

Marsali alimshika kola kwa mikono miwili. Shira iliwanatisha, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Sikiliza vizuri, Innes, maana sitarudia. Jumamosi nitaolewa na wewe nikiwa na hasira hivi hivi, sijakusamehe hata kidogo. Jumatatu utakwenda huko kwako baharini. Na hii hasira yangu nitailaza upande wako wa kitanda, niifunike vizuri isipate baridi, mpaka siku utakayorudi uje uitoe mwenyewe. Nakuahidi."