Fungu la Miche

Mwezi wa tisa mto wa Nkoma hauna maji, una mchanga. Kila asubuhi wanafunzi wa darasa la sita waliufukua mchanga ule, wakasubiri maji yajikusanye, wakachota kwa kopo, halafu wakabeba madumu kichwani hadi shuleni. Walifika wamechoka kama waliotoka kulima.

Kabula, kiranja wa mazingira, ndiye aliyegawa maji hayo. Kwanza jiko la shule. Kisha matofali ya ghala la pamba, maana miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na mizani yao, na kijiji kilitaka kuwavuta. Yanayobaki yalikuwa ya miche iliyopandwa kuzunguka lambo la kijiji, ambalo nalo lilikuwa limekauka. Kijiji kizima kilimwahidi bwana miti, ofisa misitu aliyeileta, kwamba itatunzwa, ili udongo usijaze lambo na ng'ombe wapate maji kiangazi.

Shida ni kwamba maji hayakubaki.

"Kiranja wa miti mikavu," Luhende, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Ijumaa bwana miti anakuja. Utamwonyesha kuni?"

Kabula hakucheka. Bwana miti alikwisha sema: miche hii ikifa, ya mwakani inakwenda kijiji kingine. Jioni alimfuata mwenyekiti wa kijiji, mzee Ndaki, pale penye matofali.

"Ng'wadila, baba," akamwamkia kwa kilugha. "Miche inakauka."

"Si nilisema maji yanayobaki yote ni yenu?"

"Hayabaki, baba."

"Basi chukueni zaidi."

"Shingo za kubebea ndizo hizi, baba."

Mzee Ndaki aliitazama kata ya majani iliyobonyea kichwani pa Kabula, akarudi kuhesabu matofali.

Kesho yake Kabula aligawa upya: jiko, miche, matofali mwisho. Kufika saa nne mafundi wa ghala wamekaa tu, hawana maji. Wakamwita mwenyekiti, akaja amekunja uso.

"Nani kakuruhusu?"

"Tuliahidi wote, baba. Hata wewe ulinyoosha mkono mkutanoni."

Mzee alipumua kwa nguvu. "Haya. Ghala litachelewa," akawaambia mafundi.

Ijumaa Anatoli, bwana miti, alifika na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabula na wenzake walimwonyesha miche yote, hata iliyokufa, wakamweleza jinsi ilivyokuwa ikingoja maji yanayobaki. Anatoli akakwaruza magome kwa ukucha. Mingi ilikuwa bado mibichi ndani.

"Hii itapona. Mwakani nitawaletea mingine."

Kisha akaketi chini, hoi.

"Msijione wabaya peke yenu," alisema. "Serikali nayo imesaini mkataba na mataifa mengine kwamba itasaidia joto na ukame visizidi. Bajeti ikisomwa, fedha za miti ni zile zitakazobaki. Nazo hazibaki. Hii baiskeli ni yangu mwenyewe, ofisi haikunipa. Wanangu, ukiahidi kitu, kitengee fungu lake mapema, hata kama kingine kitachelewa. Usipokitengea, hujaahidi. Umesema tu."