Kondoo Waliochelewa Kuingia Bandani

Nilipokuwa darasa la tano, kazi yangu baada ya shule ilikuwa moja tu: kuwaingiza kondoo wetu tisa bandani kabla jua halijazama. Kiongozi wao alikuwa jike mnene tuliyemwita Bi Mkubwa kwa jinsi alivyotembea kwa madaha. Nilimlea mwenyewe kwa chupa baada ya mama yake kufa. Hata leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi ninamkumbuka, na moyo wangu unalainika.

Basi fundi cherehani, jirani yetu, akanunua redio kubwa. Mchezo wa redio ulianza saa kumi na mbili jioni, saa ileile ya kondoo. Nikawa ninawaacha penye tope, chini ya tangi lililovuja, nakwenda kukaa barazani kwa fundi. Baba alikuwa akichelewa kurudi kutoka kazini, kwa hiyo hakujua lolote. Nikirudi, nilikuta vijidudu vidogo kuliko mbu vikiwazonga kondoo masikioni. Sikujali.

Baada ya siku kama kumi, Bi Mkubwa aligoma kula. Midomo ilimvimba, ulimi ukawa wa zambarau.

"Ni zile pumba alizoleta dada yako," Mama alimwambia Baba.

Shangazi, aliyekuwa akiishi nasi, akaangua kilio. "Jamani! Mimi nimlishe kondoo sumu?"

Siku nne alilia, na siku nne nilinyamaza.

Siku ya tano daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake. Alimpima homa, akamfungua mdomo, akauliza, "Jioni wanakaa wapi?"

"Bandani, tena mapema kabisa," Baba alijibu kwa fahari.

Daktari akakuna kichwa. "Ajabu. Basi hao wanane waliobaki sijui niwakinge vipi."

Nilimtazama Shangazi, nikashindwa kuvumilia. "Si pumba! Nilikuwa ninawaacha penye tope, nakwenda kusikiliza redio."

"Kumbe!" alisema daktari. "Basi ni usubi hao. Wanazaliana kwenye tope lenye mavi, na wanauma sana jua likizama. Wakimuuma mnyama mgonjwa, wanabeba virusi na kumpelekea mzima. Pumba hazina kosa."

Siku hiyohiyo tangi lilizibwa, tope likazolewa, na madirisha ya banda yakafungwa chandarua cha matundu madogo sana. Dawa ya kuua virusi vile haikuwepo. Bi Mkubwa alichomwa sindano ya kushusha homa, nami nikamnywesha uji mwepesi kwa wiki mbili, hadi alipoanza kutafuna majani mwenyewe. Wale wanane hawakuugua.

Nilingoja fimbo. Baba alisubiri nimwombe Shangazi radhi, kisha akaniita.

"Mwanangu, kondoo hana mdomo wa kusema alikoumwa. Wewe unao, ukaufunga huku shangazi yako analia. Ungesema mapema, tungejua mapema la kufanya."

Afadhali angenichapa.