Makala Ambayo Haijatoka

Foleni ya kutoa nakala ilifika mlangoni, na mashine ilikuwa moja. Mbele kabisa alisimama mkutubi wa chumba cha majarida, gauni la buluu lenye mifuko mikubwa, penseli kaichomeka kwenye nywele. Alinakili kurasa za mwisho tu za kila makala, zile zenye orodha ya maandishi ambayo mwandishi ameyataja. Nyuma yake alikuwa mhadhiri wa saikolojia, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Dada, unachukua mwisho unaacha mwanzo?"

"Mwanzo watu hujisifu, kaka. Mwisho ndipo wanapotaja waliowafundisha."

"Halafu?"

"Nahesabu nani kamtaja nani. Miaka hamsini ya jarida lenu la saikolojia. Sogea, unanipumulia shingoni."

Alisogea nusu hatua. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii bila karatasi yoyote ya kunakili.

Walipendana kwa kubishana. Mhadhiri alimwita Karani. Mkutubi alimwita Pasi. Kila adhuhuri simu ililia.

"Karani wangu, umekula?"

"Nimekula. Leo umemtaja nani kwenye maandishi yako?"

"Nimekutaja wewe."

"Mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Ndiyo maana saikolojia yenu haiendi."

Jambo moja mkutubi alimficha mhadhiri. Hakuwa na shahada ya saikolojia. Takwimu alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya rafu alizokuwa akizipangusa vumbi. Kitivo kilimwambia kitampokea kusomea utafiti iwapo makala yake moja itakubaliwa na jarida kabla maombi hayajafungwa. Basi aliandika hesabu yake akaituma. Jarida lile lilikuwa na desturi: mhakiki hajui mwandishi ni nani, wala mwandishi hamjui mhakiki. Alinyamaza ili asije mtu akasema amebebwa na mpenzi wake.

Jedwali lake la tatu lilimhusu Profesa mzee, mwalimu wa mhadhiri, ambaye vitabu vyote vilisema mawazo yake yametawala fani nzima. Katika kila makala kumi zilizomtaja, nane zilikuwa za wanafunzi wake mwenyewe.

Majibu yalikuja. Mhakiki wa kwanza aliikubali. Wa pili aliandika: "Mwandishi amehesabu mawe ya ukuta akadhani ameijua nyumba. Hana elimu ya fani hii. Ikataliwe." Chini yake aliamuru zisomwe makala saba. Sita zilikuwa za Profesa. Ya saba ilikuwa ya mhadhiri, na ilikuwa bado haijatoka popote. Mkutubi aliijua, kwa sababu Jumapili iliyotangulia alikuwa ameisahihisha koma kwa koma, mezani kwa mhadhiri mwenyewe.

Aliingia ofisini kwa mhadhiri bila kubisha hodi, akaweka karatasi mbele yake.

Mhadhiri aliisoma. "Sikujua ni wewe. Nilidhani hesabu zako ni za maktaba tu."

"Kwa hiyo usiowajua ndivyo unavyowafanya?"

"Mpenzi, ningejua..."

"Ungejua ungenisifu. Hilo nalo ni tusi. Jedwali la tatu ulilihakiki?"

Mhadhiri aliigeuza karatasi.

"Nakuuliza, ulihesabu?"

"Hapana. Nilipoona jina la mwalimu wangu, nilikasirika."

"Basi usinipigie simu."

Alipiga. Simu ilipokelewa na dada mkubwa wa mkutubi, fundi cherehani, ambaye mkutubi aliishi kwake.

"Shemeji, anasema hayupo. Yupo hapa ananikodolea macho."

"Mwambie naomba dakika moja."

"Anasema kamuombe Profesa. Na mimi naongeza langu: mdogo wangu macho yamemuuma mwaka mzima kwa hesabu zile. Wewe ulitumia muda gani kuzikataa?"

"Saa moja."

"Haya, kwaheri."

Kesho yake mhadhiri alikwenda chumba cha majarida, akaomba juzuu ya kwanza ya jarida. Mkutubi alimletea kama anavyomletea msomaji yeyote, bila salamu. Mhadhiri alikuja siku kumi na nane mfululizo. Shati lilianza kujikunja. Siku ya kumi lilikuwa na doa la wino kifuani, naye hakuliona. Siku ya mwisho alileta barua aliyomwandikia mhariri.

"Nimehesabu upya," alisema. "Uko sahihi. Mimi peke yangu nimemtaja mwalimu wangu mara sitini na nne. Mara tisa kati ya hizo nilitaja kitabu ambacho sijakisoma."

Mkutubi aliisoma barua, akachomoa penseli kichwani, akafuta mistari minne.

"Hizo ni sifa zako," mhadhiri alisema.

"Sikukuomba sifa. Andika ulichohesabu, na useme mimi na wewe tuna uhusiano gani."

"Wataniondoa kwenye uhakiki."

"Watakuondoa."

Aliituma. Baada ya siku tatu habari ilimfikia Profesa, akampigia simu mhadhiri akiwa chumba cha majarida, sauti yake ikasikika mpaka kaunta ya mkutubi.

"Nimekulea, leo unanivua nguo kwa ajili ya mwanamke?"

"Nimehesabu mwenyewe, mwalimu."

"Usiniite mwalimu."

Simu ikakatika. Mhadhiri akaiweka mezani taratibu. Alikuwa na ujumbe mwingine wa kumwonyesha: mhariri ameufuta uhakiki wake, makala itapelekwa kwa mhakiki mpya, majibu baada ya miezi minne.

"Maombi yanafungwa baada ya wiki mbili," mkutubi alisema.

"Najua."

"Mwaka huu umenipita."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako, ndiyo."

Mkutubi hakumfariji, naye mhadhiri hakuomba kufarijiwa. Baadaye mhadhiri alisema polepole, "Nilikuwa nataka kuja kwa dada yako na wazee wangu."

"Usije nao sasa. Nikiingia kitivoni nikiwa mkeo, watasema nimeingizwa. Mwakani, nikishapokelewa kwa makala yangu, uje."

"Na ikikataliwa tena?"

"Nitaandika nyingine. Utangoja?"

"Nitangoja."

Mkutubi alikusanya juzuu zake, akazirudisha rafuni moja moja. Alipofika kwenye ile aliyoishika mhadhiri, hakumnyang'anya.

"Nafunga saa kumi na moja," alisema. "Nisubiri getini. Na usinisemeshe mpaka tufike kwa dada. Bado nina hasira."