Kabureta ya Motokaa ya Mzee Jairo

Kila alipotoka shule, Enesi alivua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akaenda kwenye karakana ya uani kuosha vyuma kwa petroli. Baba yake, Lwitiko, alikuwa fundi wa magari pale Tunduma, karibu na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Ulikuwa mwaka 1953. Enesi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tayari aliweza kutofautisha plagi nzima na mbovu.

Jumatatu moja Mzee Jairo alileta motokaa yake kuukuu, ile iliyowashusha wagonjwa kutoka milima ya Ileje. Kabureta yake, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ilikuwa imepasuka.

"Alhamisi nitamchukua Jenista kule Mbebe," alisema Jairo. "Ana mimba ya mapacha. Mkunga anataka afike hospitali mapema."

Lwitiko alikuwa ameungua mkono wa kulia, nao ulifungwa bendeji. Akampa Enesi kabureta iliyopasuka na kipimo cha chuma.

"Nenda kwa Barnaba, yule muuza vyuma vya magari yaliyokufa. Pima matundu ya bolti, kisha upime koo, pale hewa inapopita. Vyote viwili vilingane na hii."

Barnaba alikuwa na kabureta tatu. Moja iling'aa kama sufuria mpya. Enesi alipima matundu yake ya bolti, yakalingana. Nje wenzake walimwita wakacheze rede. Akaichukua hiyo bila kupima koo.

"Umepima vyote?" baba yake alimuuliza aliporudi.

"Nimepima, Baba."

Jumatano Jairo alipiga hendeli, injini ikanguruma vizuri. Lakini kwenye mlima wa kwanza nje ya mji ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Ilirudi ikisukumwa na watu.

Mchana kutwa Lwitiko alihangaika kwa mkono mmoja. Alisafisha plagi, akabadili nyaya, akakaza nati. Hali ikawa ile ile.

"Fundi, pengine kazi hii imekushinda," alisema Jairo.

"Pengine," Lwitiko alijibu kwa unyonge. "Sijui nimekosea wapi."

Enesi alikuwa ametoka shule, akayasikia maneno hayo. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Baba, hukukosea wewe. Sikupima koo. Nilikudanganya."

Lwitiko akamnyooshea spana. "Ifungue mwenyewe."

Enesi aliifungua, akapima. Koo lilizidi la zamani kwa upana wa punje ya mtama. Injini ile ndogo haikuweza kulimudi. Akaichukua kabureta, akakimbia kwa Barnaba.

Kati ya zile mbili zilizobaki, moja ililingana koo lakini matundu yake ya bolti hayakulingana. Nyingine ilikuwa imegandwa na tope na oili.

"Hiyo niliitoa kwenye gari lililonyeshewa miaka mingi kule Igamba," alisema Barnaba. "Imeziba. Achana nayo, mwanangu."

"Naomba niipime tu, Mzee."

Alipima bolti, akapima koo, akarudia tena vyote viwili. Vililingana.

"Naomba tubadilishane. Nitaiosha mpaka ikubali."

Aliiosha hadi giza lilipoingia, na alfajiri akaendelea. Vitundu vyake alivizibua kwa unyasi wa ufagio, kwa kuwa waya ungevitanua. Ngozi ya vidole ilimchubuka. Baba yake alimwelekeza kwa maneno tu. Hatimaye petroli ilipita ikiwa safi.

Wakaifunga. Jairo akapiga hendeli mara mbili, kimya. Mara ya tatu injini ikaitika. Motokaa ikaupanda mlima wa kwanza bila kukohoa, ikatoweka upande wa pili.

Alasiri ilipita mbele ya karakana ikielekea hospitali. Jenista alikuwa ameketi nyuma, amejifunga blanketi, akawapungia mkono.

Lwitiko alimgeukia binti yake. "Kutopima lilikuwa kosa, na kila fundi hukosea. Lakini ulisema umepima, nami nikatafuta ubovu pasipokuwa na ubovu, huku mjamzito akisubiri. Ukikosea, sema mapema, kisha ushike spana urekebishe. Jana ulichelewa kusema, lakini ulisema. Na leo umefanya kazi ya fundi."

Enesi alifuta macho kwa mkono wenye oili, akaanza kukusanya spana moja moja.