Kola Kwenye Droo

"Kitendawili!" alisema bibi, huku akimfuta mtoto maziwa shingoni.

"Tega," alijibu mkwewe. Alikuwa mlangoni, anafunga viatu.

"Nina mtungi wangu. Nikiuchota, unajaa. Nikiuacha, unakauka."

Mkwe aliinua kichwa. Alimtazama bibi kwa pembe ya jicho. Hiki ni kitendawili kweli, au anasemwa? Siku tisa zilikuwa zimepita tangu arudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Mtoto alikuwa na miezi minne, na maziwa yalikuwa yanapungua. Alijua. Je, na bibi amejua?

"Nitajibu jioni, Mama," alisema, akatoka.

Alifanya kazi katika kiwanda cha sare za shule. Yeye alishona kola za mashati, ndiyo maana wenzake walimwita Mama Kola. Jirani yake alizipachika kola hizo kwenye shati. Aliyefuata alitoboa matundu ya vifungo. Kazi ilipita mkono hadi mkono. Mmoja akisimama, wote wa mbele yake wanakaa bure.

Siku aliyorudi alikuta mto mwekundu kwenye kiti chake.

"Wa nani huu?" aliuliza.

"Wa msichana aliyekushikia kazi," alisema jirani yake.

Mto uliondolewa, lakini haukwenda mbali. Uliwekwa juu ya kabati la msimamizi. Mama Kola aliuona kila alipoinua macho. Kwa nini hawautupi? Wanamngojea nani?

Na huyo msimamizi! Wafanyakazi walimwita Saa Ngapi. Mtu akichelewa, alimuuliza, "Saa ngapi sasa?" na saa kubwa iko ukutani. Sasa alikuwa na daftari dogo. Mama Kola akitoka, Saa Ngapi anaandika. Akirudi, anaandika tena.

Alikuwa anatoka mara mbili kwa siku. Matiti yalijaa, yakauma, yakalowanisha blauzi. Alikwenda chooni, akakamua maziwa haraka haraka na kuyamwaga kwenye sinki. Aliyaona yakienda na maji, na moyo wake ukienda nayo. Watu wakimuuliza, alisema tumbo linamsumbua.

Aliogopa kazi isije ikakatika, akagunduliwa. Kwa hiyo asubuhi alishona mbio mbio, akaficha kola za ziada kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa. Kabla ya kutoka alimpa jirani fungu moja kwa siri.

"Zitoe kidogo kidogo," alimnong'oneza.

Siku hiyo ya kitendawili alirudi kutoka chooni, akakuta droo iko wazi. Saa Ngapi alikuwa amesimama na kola mikononi.

"Arobaini na mbili," alisema. "Zinakwenda wapi hizi?"

"Haziendi popote, msimamizi."

"Haziendi popote, na zimefunikwa vitambaa? Zinaona haya?"

Wengine walicheka. Mama Kola hakucheka.

"Kesho saa nne, ofisini kwangu. Uje na maelezo."

Wakati wa chakula alikaa peke yake. Mpiga pasi wa kiwanda akaja kuketi karibu naye. Mpiga pasi huyu alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, mama wa watoto watatu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Haya, mdogo wangu. Tumbo gani hilo linalolowanisha kifua?"

Mama Kola alitazama huku na huku. "Umetumwa na Saa Ngapi?"

"Ningetumwa ningeleta hata chai. Sema."

Akasema yote. Maziwa, choo, sinki, droo.

"Kwa hiyo unamwibia nani?" aliuliza mpiga pasi. "Unajiibia mwenyewe! Maziwa hayo ni chakula. Yakamue sehemu safi, kwa mikono safi, kwenye chupa safi yenye kifuniko. Bila jokofu yanakaa masaa manne. Kwenye jokofu yanakaa siku kadhaa. Na usiache kukamua, maana titi lisipokamuliwa, maziwa yanapungua."

"Nikiomba ruhusa watanifukuza. Mto wa yule msichana uko tayari."

"Umeomba ukakataliwa?"

"Bado."

"Basi unagombana na mto. Sikiliza. Usiombe kwa mdomo tu. Andika barua. Sema unataka saa zipi, kwa muda gani, na kazi itakwendaje. Hapo mwisho ndipo mabosi wanaposoma. Weka tarehe. Baki na nakala iliyosainiwa. Tusome pia mkataba wako na sheria ya kazi, kwa sababu sehemu nyingi mama anayenyonyesha ana haki zake. Kesho naingia na wewe."

Jioni aliandika barua mezani, mtoto akiwa mapajani. Bibi alichungulia.

"Unaandika nini kwa siri?"

Mama Kola alivuta pumzi. "Mama, kitendawili chako. Jibu ni titi la mama anayenyonyesha."

"Umepata!"

"Ulikuwa unanisema?"

Bibi aliduwaa. "Mimi? Nilidhani umeamua kumwachisha mtoto ziwa kimyakimya, unaogopa kuniambia. Nikaona nikuzungukie."

Walitazamana, wakacheka hadi mtoto akashtuka.

Kesho yake Saa Ngapi aliisoma barua polepole. Mama Kola aliomba kuingia saa moja badala ya saa mbili, na kutoka saa kumi badala ya saa kumi na moja. Aliomba pia mapumziko mawili ya nusu saa ya kukamua, hadi mtoto afikishe mwaka. Kola za ziada angezishona ile saa ya asubuhi, cherehani nyingine zikiwa kimya.

"Na saa moja nani atakuona kama unafanya kazi?"

"Hesabu kola, msimamizi. Zile za kwenye droo ndizo zilizokuwa zinashika nafasi yangu."

Saa Ngapi alifungua daftari lake. Mpiga pasi akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti: "Katoka dakika ishirini. Kola hazikukatika. Katoka dakika ishirini na tano. Kola hazikukatika. Vipi?"

"Siku tisa nimejiuliza," alisema Saa Ngapi. "Nilijua kuna mchezo. Ungesema tu!"

"Nilikuogopa."

Saa Ngapi alifunga daftari. Kisha akasaini nakala mbili. "Majaribio ya mwezi mmoja. Nitahesabu kila siku. Utakamulia stoo ya vitambaa, ina komeo, na chupa uziweke kwenye jokofu la ofisi. Na chukua ule mto ukalie. Mwenyewe alipata kazi kwingine, akausahau."

Mwezi ulipita. Hakuna siku ambayo jirani yake alikaa bure kwa kukosa kola. Maziwa yaliongezeka, na chupa zikarudi nyumbani zimejaa. Droo haikufunikwa tena. Wanawake wawili wajawazito walikwenda kwa mpiga pasi kuuliza barua inaandikwaje.

Siku moja Mama Kola alizama kwenye kazi, akasahau saa. Akasikia viatu nyuma yake. Mkono ukakimbilia droo kama zamani.

"Saa kumi, Mama Kola," alisema Saa Ngapi. "Nenda, mtoto anakungoja."