Nyuki Kwenye Koti la Muindi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini mjini, Muindi alizunguka nyuma ya nyumba yake huko Uthiru. Aliinamia mzinga wake wa nyuki, akatega sikio. Kimya. Kisha alimpigia simu baba yake aliyekuwa Kitui, akamwambia nyuki wanaendelea vizuri.

Ulikuwa uongo mtupu. Mzinga ulikuwa na miezi miwili, na aliyewahi kuingia ndani ni mjusi tu. Lakini mzee Ndeti, baba yake, alifuga nyuki maisha yake yote. Muindi alilelewa na shangazi yake mtaani Woodley, mjini, na asali aliijua ikiwa ndani ya chupa. Aliona haya kusema hajui.

Jumapili moja mzee alipiga simu mwenyewe.

"Muindi, nakuja Jumamosi. Nataka kuona hizo nyuki."

Muindi alikaa chini polepole. Mkewe, Syokimau, akamtazama.

"Baba Stacy, kuna mtu amekufa?"

"Bado."

Syokimau alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha alienda kumwita jirani yao, mama Mbugua. Mama huyu alifanya kazi ya bustani mtaani Lavington, na kwake alikuwa na mizinga minne. Kwa miezi miwili Muindi alikuwa amekataa asiitwe. "Mimi ni Mkamba," alisema. "Nyuki iko kwa damu."

Mama Mbugua alifunua mzinga, akanusa, akapiga chafya.

"Baba Stacy, hii mzinga umeosha na nini?"

"Sabuni ya unga," Muindi akasema kwa fahari. "Halafu dawa ya madoa. Halafu nikapuliza marashi kidogo. Si mgeni hukaribishwa mahali safi?"

"Wee! Hii ni harufu ya hospitali. Nyuki inataka harufu ya nyumba nyuki zingine zimewahi kukaa."

Akaeleza. Mvua ikinyesha na maua yakichanua, nyuki huongezeka na kujaa mzingani. Hapo kundi hugawanyika. Malkia wa zamani huondoka na nyuki wengi kutafuta makao mapya. Wapelelezi hutangulia kukagua. Wanapenda mahali pakavu, penye kivuli, palipoinuka, na mlango uwe mdogo.

"Na wewe umeweka chini, kando ya jiko, moshi inaingia," alisema mama Mbugua. "Hata mimi singehamia."

Waliusugua mzinga kwa maji matupu, wakauanika juani siku mbili. Mama Mbugua alileta nta, wakaiyeyusha na kuipaka ndani. Waliweka pia kipande cha sega kuukuu, na mlangoni wakasugua majani ya mchaichai. Kisha wakauweka juu ya jukwaa lililopita kimo cha mtu, mbali na njia ya watu.

Alhamisi nyuki wachache walionekana wakiingia na kutoka.

"Wapelelezi!" Muindi akanong'ona. Ijumaa aliomba ruhusa kazini.

Saa nne asubuhi mvumo mkubwa ulisikika. Wingu la nyuki lilipita juu ya paa, likaupita mzinga, likatua kwenye kamba ya nguo. Hapo palikuwa na koti la Muindi la kazini. Baada ya muda mfupi koti halikuonekana tena. Lilikuwa nyuki watupu.

Muindi alitoka mbio na mkebe wa dawa ya mbu.

"Weka chini hiyo kitu!" mama Mbugua alifoka kutoka ng'ambo ya ua. "Unataka nyuki ama unataka mizoga?"

Muindi aliweka chini mkebe. Kisha alikimbilia choo cha nje, akajifungia kwa komeo.

Mama Mbugua alikuja na nguo mbili za nyuki, zenye wavu wa uso. Moja alikuwa amemletea Muindi. Syokimau aliivaa yeye. Kwanza waliwafungia watoto na kuku ndani.

"Hizi zimeshiba asali, na hazina nyumba ya kulinda," mama Mbugua alisema. "Hasira yao ni kidogo. Lakini nyuki ni nyuki. Bila nguo hii, na bila mtu anajua, hakuna kusogea."

Walinyunyizia nyuki maji kidogo ili wasiruke ovyo. Mama Mbugua alishika katoni chini ya koti.

"Kung'uta mara moja, kwa nguvu!"

Syokimau alikung'uta. Nyuki wakaanguka ndani kwa kishindo.

"Zimeingia?" sauti ikauliza kutoka chooni.

"Nyamaza, baba Stacy!"

Waliifunika katoni kifudifudi kivulini, wakaacha upenyo mdogo. Nyuki wengine wakaanza kuingia wenyewe. "Malkia yuko ndani," mama Mbugua alisema. "Wote watamfuata." Jioni wakawamimina ndani ya mzinga.

Jumamosi alasiri mzee Ndeti alifika. Alisimama mbali na mzinga, akawatazama nyuki wakiingia na kutoka. Alitabasamu. Kisha akatoa kisu kidogo mfukoni.

"Kwetu mzinga huchorwa alama ya ukoo," alisema. "Na anayechora ni yule ameshika nyuki. Ni nani alishika hizi?"

Kwa miezi miwili Muindi alikuwa amedanganya bila shida. Sasa alimtazama Syokimau.

"Ni yeye, baba. Mimi nilikuwa nimejifungia choo."

Mzee alimkazia macho. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi siku ya kwanza nilipanda mti, nikakataa kushuka mpaka jioni," alisema. Akampa Syokimau kisu. "Chora hapa kwa mguu wa jukwaa, mama, tusisumbue nyuki. Na wewe Muindi, vaa ile nguo. Shikilia jukwaa isitikisike."

Muindi alivaa, akashikilia jukwaa kwa mikono miwili. Nyuki mmoja akatua kwenye wavu, mbele kabisa ya pua yake. Muindi alifumba macho, akatetemeka mwili mzima, lakini hakuachilia.