Jina Alilokuja Nalo Mtoto

Asubuhi Eddah hukamua ng'ombe wake, halafu anafungua duka. Duka liko Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Anauza unga, sabuni, maziwa na mafuta ya kupima.

Wateja walikuwa wakimwita Mama Wangeci. Eddah aliitika haraka sana. Jina hilo alikuwa amelingoja miaka mingi. Kabla ya hapo alikuwa bibi ya Gathogo tu, na wanawake wenzake walimhurumia mbele yake na kumsema nyuma. Si mnajua vile watu huwa.

Wangeci alikuwa na miaka minne. Alipenda kukaa juu ya gunia la mahindi mle dukani na kuwasalimia wateja wote. Jina lake ni la mama yake Gathogo. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake, mama ya baba. Ndiyo maana Gathogo alimwita mtoto huyo "maitu", yaani mama yangu. Na shosho, yaani huyo nyanya mwenyewe, alikuwa akimwekea ndizi iliyoiva vizuri kuliko zote. Ukiwaona ungesema hii familia haijakosa kitu.

Lakini Eddah hakumzaa mtoto huyo. Na alipokuja kwao hakuwa akiitwa Wangeci.

Wakati huo Eddah na Gathogo walikuwa wakiishi Kesses. Kwenye ploti yao kulikuwa na mpangaji mmoja kutoka Uganda, upande wa Mbale. Aliitwa Nambozo. Alipalilia mahindi ya watu na kufulia wanafunzi nguo. Alikuwa na mtoto mchanga aliyeitwa Nangila. Siku moja Nambozo alipata habari kwamba baba yake amefariki. Mtoto alikuwa na homa, na njia ni ndefu. Eddah akamwambia amwachie tu, azike baba yake kwa amani, kisha arudi.

Nambozo akaenda. Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Simu yake haikushika.

Hapo ndipo walipokosea. Hawakwenda polisi. Hawakwenda ofisi ya watoto. Walinyamaza. Eddah alikuwa ameanza kumpenda mtoto, na tayari alikuwa akiogopa mlango ukibishwa. Shosho akasema mtoto hawezi kukaa bila watu, akampa jina lake. Kwa shosho, hapo mambo yalikuwa yamekwisha, mtoto ni wao. Baadaye wakahamia Yamumbi, mahali ambapo hakuna aliyejua habari za Nambozo. Eddah alisema wanafuata biashara. Biashara gani? Alikuwa anakimbia.

Sasa mtoto alitakiwa kuanza shule, na mwalimu akataka cheti cha kuzaliwa. Gathogo alisema waseme alizaliwa nyumbani. Walihitaji tu mtu wa kushuhudia. Eddah akamfikiria jirani yake Benta Apondi, ambaye majirani humwita Mama Marvin. Mama huyu alitoka upande wa ziwa, na kazi yake mjini ni ya ustawi wa watoto. Eddah aliona neno lake litaaminiwa haraka.

Alimpelekea lita moja ya maziwa. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya unga. Mwishowe Eddah akasema kilichomleta.

"Mama Marvin, nataka useme uliniona nikiwa na mimba."

Benta aliweka kikombe chini. Aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Eddah alijaribu kuzungukazunguka, akashindwa, akasimulia yote. Alilia akisimulia.

"Siwezi kusema hivyo," Benta alisema. "Huo ni uongo, na cheti cha uongo kitamfuata huyu mtoto mpaka awe mtu mzima."

"Mimi ndiye nimemlea. Yule mwingine alimtupa."

"Unajua alimtupa, ama unatumaini alimtupa?"



Benta akamweleza polepole, bila ukali. Mtoto akiachwa, aliyeachiwa anapaswa kupeleka habari polisi au kwa ofisi ya watoto. Ofisi inaanza kutafuta jamaa zake. Wakati wanatafutwa, mtoto anaweza kuachwa kwa walezi wa muda, wakichunguzwa na kukubaliwa. Kuasili ni jambo lingine. Kuasili ni kumfanya mtoto wako kabisa kwa sheria, na ni mahakama peke yake inayoweza kufanya hivyo. Chifu hawezi. Mchungaji hawezi. Hata shosho na jina lake hawezi. Na huyu ni mtoto wa nchi nyingine, kwa hivyo nchi yake pia lazima iulizwe. Inaweza kuchukua muda mrefu, na unaweza kukataliwa.

Eddah alisema basi watahama tena.

"Kuhama utahama," Benta alisema. "Lakini niambie kitu kimoja. Mama yake akija kumtafuta, atauliza mtoto anayeitwa nani?"

Eddah alirudi nyumbani na swali hilo. Alipika chakula, hakikulika. Gathogo alipolisikia alikasirika, akasema Mama Marvin ajishughulishe na watoto wake. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, mkono chini ya shavu. Gathogo alimtazama, akafunika uso kwa kofia yake. Asubuhi alimwambia Eddah avae, waende mjini.

Pale ofisini hawakupigwa wala kufungwa, ingawa walikemewa, na ilikuwa haki yao kukemewa. Mtoto aliachwa kwao kama walezi wa muda, na afisa akawa anakuja kumwona. Ofisi iliandikia wenzao wa Uganda. Miezi ikapita. Kila usiku Eddah aliomba Mungu. Nisiwadanganye, hakuwa anaomba Nambozo apatikane.

Nambozo alipatikana.

Alikuja ofisini akitembea kwa gongo. Gari lililompeleka mazishini lilipinduka, akavunjika nyonga, na simu ikapotelea hapo. Alilala hospitali muda mrefu. Alipoweza kusimama alirudi Kesses, akaambiwa wenye ploti walihama. Mtu mmoja akamtajia Yamumbi. Akaja Yamumbi pia.

"Niliuliza Nangila," alisema. "Walisema hapa hakuna. Nikauliza Eddah, wakasema hawamjui, na mume wake mimi nilizoea kumwita mwenye ploti tu. Walisema kwa Gathogo kuna mtoto, lakini huyo ni wao, ana jina la nyanya yake. Nikaona nimepotea njia. Nikarudi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Shosho, aliyekuwa amekuja kumuaga mtoto, alijiinamia kwenye kiti mpaka walipoondoka.

Afisa alipanga mama na mtoto wazoeane kwanza. Walikutana mara nyingi. Hata hivyo siku ya safari ilipofika, mtoto alishika sketi ya Eddah kwa mikono yote miwili. Nambozo alimwita, "Nangila." Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, na sauti ikaanza kukatika. Mtoto hakugeuka, maana kwake Nangila bado hakuwa yeye.

Eddah alipiga magoti. Kwa miaka hiyo yote hakuwa amemwita mtoto kwa jina hilo.

"Nangila," alisema. "Nangila wangu. Enda kwa mama yako."

Kwa sababu ilikuwa sauti ya Eddah, mtoto aliinua uso. Akaenda.

Eddah aliugua baada ya hapo. Duka lilifungwa muda. Wateja hawakujua wamwite nani, wengine wakapita tu bila kusalimia. Benta ndiye aliyekuwa akija kukaa naye. Nambozo hupiga simu siku za sikukuu. Mtoto husema maneno mawili matatu, kisha hukimbilia michezo. Yuko shuleni, na cheti chake ni cha kweli.

Mwaka uliofuata Eddah na Gathogo waliomba kuwa walezi, safari hii kwa njia inayofaa. Walichunguzwa, wakafunzwa, wakangoja. Kisha afisa akapiga simu. Kuna mvulana mdogo, jamaa zake bado wanatafutwa. Huenda wakapatikana, huenda wasipatikane. Je, wako tayari?

Eddah alikaa chini juu ya lile gunia la mahindi. Hakuuliza mtoto atakaa kwao muda gani.

"Kwao wanamwita nani?" aliuliza. "Niambie vizuri, nisije nikakosea."